Mwalimu wa Jaribu Tena

Uvumilivu wangu hakuumaliza baba yangu, wala mume wangu, wala yule mwenye nyumba wa Dodoma aliyekuwa akifunga maji siku ya kufua. Aliumaliza Mwalimu. Alinifundisha kazi inayoniweka mjini mpaka leo, na kwa kunifundisha huko alinitoa machozi ya hasira ambayo sijayasahau. Nikikutana na wenzangu niliosoma nao kwake, hatumalizi soda ya kwanza kabla mmoja hajamwigiza: anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati, anaivaa tena, halafu anasema polepole, "Jaribu tena."

Namwandika kwa sababu mwaka jana kiharusi kilimchukua sauti. Kilimwachia masikio, akili na mkono wa kushoto. Mke wake alinipigia kutoka Ulemo, nyumbani kwao. "Mwanangu, Mwalimu wako hasemi," aliniambia. "Na sasa hata wageni hawataki. Mtu akiingia, yeye anageukia ukutani. Njoo umwone, labda wewe atakusikiliza."

Nusura nicheke. Mwalimu alikuwa hajawahi kunisikiliza hata siku moja, tena wakati ule alikuwa na ulimi wa kunijibu. Lakini niliomba ruhusa kazini siku ile ile. Nilitaka jambo moja tu, apate njia ya kuongea na watu tena kabla hajauzoea ule ukuta.

Nieleze kwanza kazi yetu, maana bila hiyo Mwalimu haeleweki. Mifumo ya kompyuta huongea yenyewe kwa yenyewe. Mfumo wa ghala la alizeti ukitaka kumpa mkulima taarifa kwenye simu, unapeleka ombi kwa mfumo mwingine unaotuma ujumbe, na ule mwingine unajibu: nimetuma, au sikutuma kwa sababu fulani. Mlango huo wa kupokelea maombi ndio unaitwa API. Ukitaka kujua mlango huo unafanyaje kazi, unaweza kusoma maelezo yake, au unaweza kuugonga uone. Kwa kugonga kuna kurasa maalumu. Unaona maombi yote yamepangwa, kila moja na kisanduku chake cha kujaza na kitufe chake. Unajaza, unabonyeza, na jibu linatokea hapo chini. Kurasa hizo zipo tele, nzuri, nyingine za bure. Mwalimu alizikataa zote akatengeneza ukurasa wa kwake, wa Kiswahili.

"Kwa nini, Mwalimu, wakati ziko tayari?" nilimuuliza.

"Ili binti wa Iramba aone jibu kwa lugha aliyolilia utotoni."

"Mimi nimelia kwa Kinyiramba, Mwalimu."

"Basi nyamaza kwa Kiswahili."

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja mjini Singida, nyuma ya kiwanda cha kukamua alizeti. Alikipanga baada ya kuacha kufundisha chuoni, akatuchukua wanafunzi wake wachache tufanye naye kazi. Harufu ya mashudu iliingia mpaka kwenye nywele. Mashine ikiwashwa upande wa pili, meza zilitetemeka na taa ilififia, na Mwalimu aliinua kidole kutuonya kwamba mtu asibonyeze kitu mpaka umeme utulie. Tulikaa vidole hewani, watu wazima na vyeti vyetu, tukisubiri alizeti ya watu ikamuliwe.

Sasa nije kwenye shikamoo, maana hapo ndipo wengi walipomshindwa.

Kwenye ukurasa wake kitufe cha juu kabisa hakikufanya kazi yoyote ya maana. Kiliandikwa "Shikamoo." Ukikibonyeza, ombi lilikwenda mpaka kwenye seva, ile kompyuta kuu inayopokea maombi, na seva ikiwa hai ilirudisha neno moja, "Marahaba," na papo hapo spika ilitoa sauti ya Mwalimu mwenyewe. Aliirekodi nyumbani kwake asubuhi moja, nzito, ya mtu ambaye hajanywa chai: "Marahaba!" Nyuma yake jogoo anawika. Tulimwomba airekodi upya bila jogoo, akasema jogoo anathibitisha kwamba ni asubuhi. Jogoo mwenyewe tulimla Krismasi ya mwaka ule ule, lakini kwenye ukurasa aliendelea kuwika kila siku ya kazi.

Na hukuruhusiwa kugusa kitufe kingine kabla ya hicho. Hata kama jana yake ulikiacha kitu kimeharibika na watu wanakisubiri, lazima uanze na shikamoo. Hata kama umetoka kunywa chai tu na kurudi, shikamoo. "Asiyeitikia shikamoo ni maiti au ana kiburi," alikuwa akisema, "na wote wawili huwezi kufanya nao kazi. Ujue kwanza." Mimi naitoa heshima kwa wakubwa kama mtoto yeyote aliyelelewa Singida, napiga goti ikibidi, lakini kuiamkia kompyuta kila asubuhi kulinichosha roho.

Siku moja walikuja wageni kutoka shirika moja, wamevaa vizuri, kuona mfumo wetu wa ghala. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Mwalimu akakaa kwenye kiti, akabonyeza shikamoo. Mtandao ulikuwa wa kusuasua. Tukasubiri. Nikanong'ona, "Mwalimu, ruka hiyo, twende kwenye ghala." Akanitazama kama nimemwambia aingie nyumba ya mtu bila kubisha hodi. Tukasubiri tena. Mgeni mmoja akaanza kuangalia saa, mwingine akatoka kupokea simu. Spika ilipokuja kupasua ile "Marahaba!" na jogoo wake, yule mama aliyebaki ndani alishtuka, chai ikamwagika kwenye sketi. Mwalimu akamwambia kwa furaha, "Unaona? Ni mzima!"

Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Suala la kusubiri lilitugombanisha mpaka mwisho. Kila ombi lina muda wake wa kungoja jibu. Muda ukiisha, mfumo unakata tamaa na kusema hakuna jibu. Mimi niliuweka mfupi, kama wafanyavyo watu wengine duniani, maana mtumiaji hapendi kukaa anatazama duara linazunguka. Yeye aliurefusha. Nikaufupisha, akaurefusha. Aliniambia kuna watu Mgori wanapanda kichuguu ndipo wapate mtandao, na wewe unataka kumkatia mtu simu akiwa bado anapanda. Nikamwambia mtu wa kichuguu atajaribu tena mwenyewe, si ndiyo wimbo wako? Alicheka sana. Kesho yake nikakuta ameurefusha zaidi.

Na huyu mtu wa kuhubiri kujibu na kusubiri majibu, yeye mwenyewe alikuwa hapokei simu! Hili ndilo lilinikera kuliko yote. Simu yake iliita mfukoni, mezani, juu ya gunia, naye anaitazama tu kama inamwitia mtu mwingine. Ujumbe hakujibu. Mke wake alinipigia mimi kuuliza kama Mwalimu atakuja Ulemo Jumamosi. Siku nyingine alinipigia kuuliza kama amekula. Nikampelekea Mwalimu maneno hayo, akaniambia, "Mwambie nimekula." Nikamwambia amwambie mwenyewe, simu si hiyo hapo? Akafuta miwani. Tukampa jina la Seva Iliyolala, na nina hakika alilijua.

Maelezo hakuyaamini kabisa, yawe yametoka kampuni kubwa namna gani. "Karatasi haijawahi kukataa neno," alisema, akiweka pembeni kurasa ambazo mtu mwingine aliziandika kwa jasho. Alitaka agonge mwenyewe. Na akigonga, hakugonga kwa adabu tu. Palipotakiwa namba ya simu aliandika "kuku wa kienyeji." Palipotakiwa uzito wa gunia aliweka uzito ulio chini ya sifuri. Palipotakiwa tarehe aliweka tarehe thelathini Februari, halafu anakunja mikono kuona seva itasema nini. "Mpe ujinga uone anavyoupokea. Mwenye akili atakukatalia kwa upole na kukwambia umekosea wapi. Mpumbavu atakubali. Mwoga atazimia."

Hiyo yote ni sawa kwenye kompyuta. Lakini tabia ikamfuata mpaka mtaani. Pale tulipokuwa tunakula mchana, alimwita dada wa hotelini akaagiza chapati sifuri. Dada akauliza, "Sifuri ndo ngapi, Mwalimu?" Akamwambia, "Hiyo hiyo niliyosema." Dada akaenda jikoni, akarudi na sahani tupu, akaiweka mbele yake, akamwambia anawe mikono. Mwalimu alimsifu mwezi mzima. Kila tulipokosea tuliambiwa hata dada wa chapati angeliona kosa hilo. Dukani aliomba chumvi kilo moja kasoro kilo mbili, na muuza duka akamfukuza na ufagio, nami nikiwa nimesimama pembeni yake kama nimekuja naye. Nilikuwa nimekuja naye kweli.

Basi ungedhani mtu wa hivyo hanunui hata kiberiti bila kukiwasha. Wapi! Alikwenda mnadani akanunua viatu vya ngozi, hakuvivaa, hakukaa chini, hakuweka hata kidole gumba ndani. Alipenda rangi. Vilimbana masika yote. Alitembea kama mtu anayekanyaga moto, na nikamuuliza, kwa raha zangu zote, "Mwalimu, hukuvijaribu?" Akanijibu kwamba muuzaji alikuwa na uso wa uaminifu.

Kisa cha Kinyangiri lazima nikieleze, ingawa nikikikumbuka bado nasikia joto usoni. Mwalimu alichukia majaribio ya uongo uongo. Ukiandika "aaa" au "moja mbili tatu" kwenye kisanduku, alifuta. "Andika neno ambalo mtu angeliandika kweli, ndipo utajua kama mfumo unabeba neno la mtu." Basi jioni moja anajaribu kitufe cha kutuma ujumbe kwa kijiji kizima, akaandika kwa Kiswahili safi: gari la kuchukua alizeti litafika Kinyangiri kesho asubuhi, leteni magunia barabarani. Akabonyeza. Seva ikajibu imetuma. Akaridhika, akaenda kulala.

Ukurasa wake ulikuwa umeelekezwa kwenye seva ya kweli, ile yenye namba za wakulima wenyewe. Ile ya kuchezea ilikuwa pembeni, imetulia.

Asubuhi simu ya ofisini ikaita, nikapokea. Mama mmoja, mkulima, akaniuliza kwa utulivu wa kutisha, "Mwanangu, gari liko wapi?" Nikauliza gari gani. Akasema, "Hilo mlilotuambia. Magunia yako barabarani, wengine tumeyaleta kwa punda, na mawingu yanakuja." Nilimgeukia Mwalimu. Alikuwa ameshaelewa. Aliinuka na hakusema jaribu tena.

Hapo nampa haki yake. Hakutafuta wa kumtupia lawama, wala hakutuma mtu. Alipanda basi siku ile ile, akanichukua na mimi. Kabla hatujaondoka alikuwa ameomba turubai kiwandani, na tulipofika alilitandaza juu ya magunia akisaidiana na wenyewe, mvua ikianza. Kisha akawasalimia wazee mmoja mmoja, akavua kofia, akasema kosa ni lake, gari lenyewe bado, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Watu walinuna, wakasamehe. Nikashusha pumzi.

Halafu, jamani, akamgeukia yule mama aliyepiga simu akamwambia, "Hebu nioneshe ujumbe wenyewe ulivyofika. Umekatika mwishoni, au umekuja wote?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Yule mama akashika kiuno. "Mwalimu," akasema, "siku nyingine ukitaka kujaribu, kamjaribie mke wako nyumbani. Atakuletea magunia mpaka kitandani." Wote waliangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote, mvua inamchuruzika kwenye miwani. Ujumbe ulikuwa umefika wote.

Tangu siku ile ukurasa ulikuwa na utepe juu. Ukiwa kwenye seva ya kuchezea utepe ni kijani. Ukiwa kwenye seva ya kweli ni mwekundu, na umeandikwa kwa herufi kubwa: HAPA KUNA WATU. Nimefanya kazi mahali pengi tangu hapo, na kila mahali nimeuweka utepe huo, na kila mahali nimeulizwa maana yake.

Neno ambalo sikuwahi kulipata kwake ni "imepita." Kwa seva alilisema. Kitufe kikijibu sawasawa aliiambia mashine kwa upendo kabisa, "Imepita, imepita." Kwa mtu, hapana. Ulimletea kazi uliyoikesha, akaibonyeza bonyeza, akaipa ujinga wake wote, ikashinda ujinga wote, na yeye anavua miwani: "Jaribu tena." Nijaribu nini, Mwalimu? Wapi pamekosewa? "Sijasema pamekosewa." Nilimchukia siku hizo. Siku niliyomuaga kwenda Dodoma kwenye kazi nyingine, nikiwa nimenakili ukurasa wake wote kwenye kompyuta yangu kama kumbukumbu, nilisimama mlangoni nikingoja neno hilo moja tu. Akaniuliza kama nimebeba chaja.

Hayo yote ndiyo niliyokuwa nikiyarudia kichwani ndani ya basi nikienda Ulemo.

Nilimkuta kitandani chumba cha mbele, mto mgongoni, amekonda. Nikabisha hodi, mke wake akanikaribisha, nikainama. "Shikamoo, Mama." Akaitika. "Shikamoo, Mwalimu." Alinitambua, hilo niliona, macho yalifunguka na mdomo ukahangaika upande mmoja. Kisha akageuza uso ukutani na kubaki hivyo.

"Unaona?" mke wake alisema. "Ndivyo anavyofanya kwa wote. Wanafunzi wake walikuja kutoka mjini, wakasalimia, akageuka. Wakakaa, wakasema pole, wakaondoka. Majirani nao wamepunguza kuja. Mimi nikiwa naye peke yangu hana shida, ananitazama vizuri tu."

Nilikuwa nimekuja na wazo tayari. Nikamtengenezea ukurasa kwenye simu pana, vitufe vikubwa vya kidole cha kushoto. Mke wake alinirekodia sauti, maana mimi nilitaka iwe ya mtu wa nyumbani. Nataka maji. Nina njaa. Nigeuze. Panauma. Nifungulie redio. Nataka kutoka nje. Kwa utani nikaongeza viwili mwishoni: "Jaribu tena," kidogo, na "Imepita," kikubwa kuliko vyote, cha kijani, mahali ambapo kidole hakiwezi kukikosa. Juu nikaweka utepe mwekundu.

Nilimsogezea simu usoni upande ule wa ukuta, na aliposoma utepe, bega lake lilitikisika. Nikajua amecheka.

Kisha akaanza kazi, na Mungu ni shahidi wangu, hakuna kilichokuwa kimebadilika. Akabonyeza maji. Simu ikasema kwa sauti ya mke wake, "Nataka maji." Mke wake akaleta maji. Hakunywa, akabonyeza tena. Mama akaongeza maji. Akabonyeza njaa na maji kwa pamoja aone kipi kitatangulia. Akabonyeza "Nigeuze," tukamgeuza, hajatulia akabonyeza "Nigeuze," tukamrudisha. Redio iliwashwa na kuzimwa. Vikombe vilijaa kwenye kiti.

"Sasa anataka nini huyu?" Mama akauliza, jasho linamtoka.

"Hataki kitu, Mama. Anajaribu."

"Ananijaribu mimi? Na kwa sauti yangu mwenyewe? Nimeishi nikaona mengi, lakini kujituma mwenyewe!" Akaendelea kwa Kinyiramba, na hayo siyaandiki. Nilimkumbuka yule mama wa Kinyangiri, maneno yake yalikuwa yametimia.

Alipomaliza vyote aliniangalia, akatikisa kichwa. Hapana. Akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. Tukadhani anataka kutoka, Mama akaleta fimbo. Hapana. Akaninyooshea mimi, kisha mlango, kisha simu. Nikamwambia, "Mwalimu, kila kitu kimo humo! Maji yamo, chakula kimo, maumivu yamo, nimekosea wapi?" Sauti ilinipanda, tena mbele ya mgonjwa. Nilikuwa nimesafiri siku nzima na ilikuwa kama niko nyuma ya kiwanda tena, vidole hewani.

Ndipo jirani yao akabisha hodi. Mama wa makamo, na karai la viazi kichwani, amekuja kuwapa. Alisimama kwenye kizingiti, akatua mzigo, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Mwalimu."

Nilimwona Mwalimu akiikamata simu kwa haraka. Kidole kikapita juu ya maji, kikapita juu ya njaa, kikaenda mpaka chini, kikarudi juu, kinatafuta. Hakikupata. Jirani bado ameinama kidogo, anangoja. Mwalimu akaiweka simu kifuani, akageuka ukutani, na safari hii niliona chozi.

Jamani, mimi na kazi yangu yote! Nilikuwa nimempa kila njia ya kuomba, na nikamnyima ya kujibu. Hakuwa amewakataa wageni. Kila aliyeingia mlangoni alimwamkia, kwa sababu sisi ndivyo tulivyolelewa, na mtu aliyeshika maisha yake yote kwamba asiyeitikia ni maiti au ana kiburi alikuwa analala pale bila kuitikia. Heri autazame ukuta.

"Mama," nikamwambia jirani, "tafadhali usiondoke. Hujakataliwa. Nipe muda kidogo."

Nikafungua kompyuta yangu. Ule ukurasa wa zamani ulikuwemo, niliounakili siku ile ya chaja, na sauti yake ilikuwemo ndani. Niliiweka kwenye kitufe kipya, juu kabisa, mahali pake pa siku zote. Kwa haraka niliandika vibaya, nikarekebisha. Kisha nikamgusa bega akageuka, akaona neno. Hakulibonyeza. Alinitazama tu, na nikajua anachokitaka, maana hakuna anayeitika kabla hajasalimiwa.

Nikampita jirani, nikatoka nje, nikafunga mlango, nikabisha hodi, nikaingia. "Shikamoo, Mwalimu."

Alichukua muda wake. Kidole kilikuja polepole, kinapotea, kinarudi, na mimi nilisimama nimeinama nikingoja, nikiwa nimeshasahau kabisa kwamba kuna muda wa kukata tamaa.

"Marahaba!"

Nzito, ya mtu ambaye hajanywa chai, na nyuma yake jogoo. Mke wake alikuwa ameshika kikombe, akakaa nacho chini sakafuni. Hakuwa ameisikia sauti ile tangu ugonjwa. Alijifunika uso na kanga, na Mwalimu akawa anamtazama, mdomo umepinda upande mmoja, machozi yanashuka, bega linatikisika kwa kicheko. Mimi nililia bila aibu.

Nikajifuta, nikamsogelea. Nilikuwa nimengoja miaka. "Mwalimu," nikasema, "imepita?"

Akavitazama vitufe. Cha kijani kilikuwa pale, kikubwa kama sahani. Kidole kikakaa juu yake, kikakaa. Kisha kikateremka mpaka chini, kwenye kile kidogo.

"Jaribu tena," simu ikasema, kwa sauti ya mke wake.

Niligeuka kwenda mlangoni nikisonya, lakini jirani aliniwahi. Alishika mlango kwa mkono mmoja na kunisukuma pembeni kwa mwingine. "Nipishe," akasema, "mimi nilisalimia kabla yako, na sijaitikiwa."